Kama Mwana wa Mufalme angeingia mu uwanja wa mapigano



Mu gazeti hili tumekwisha kusoma mengi: mambo ya mupira, ya shamba la masomo, ya mahari, ya usafi wa internat. Leo ninaomba nafasi kwa jambo lingine: michezo ya video. Wengine watasema, huyu hana kazi. Haizuru. Someni mpaka mwisho, kisha mukatae ao mukubali.

Swali langu ni hili. Kuna mutu mumoja wa michezo ya video ninayemupenda kuliko wote. Hana hata jina. Tunamuita tu Mwana wa Mufalme, na muchezo wake ni Prince of Persia, ule wa kwanza, wa mwaka 1989. Kama wangemutoa mu muchezo wake na kumuingiza mu muchezo wa mapigano, sawa Street Fighter ao Soulcalibur, angepigana namna gani? Angeweza kushinda? Ao angekufa siku ya kwanza, sawa kuku aliyeingia kati ya mbwa?

Mabishano haya yalianza kwetu nyumbani, kati yangu na yaya yangu. Tulibishana juma nyingi, mpaka mama akasema, kama mungebishania hesabu namna hii, mungekuwa wote wawili wainjinia. Ninaandika hapa yale tuliyopata, sababu ninaona si mambo ya muchezo tu.

MUTU HUYU NI NANI?

Aliyetengeneza muchezo huu ni Mumarekani, Jordan Mechner. Alianza mwaka 1985 akamaliza mwaka 1989, akitumika ku ordinatere ya Apple II. Alitaka mutu wake akimbie sawa mutu wa kweli, si sawa kisanamu cha mbao. Basi alimuvalisha ndugu yake mudogo nguo nyeupe, akamuambia: kimbia, ruka, panda ukuta, naye alikuwa anamukamata mu video. Kisha alichora picha moja moja kwa kufuata ile video. Kwa mapigano ya upanga alifuata filimu ya zamani ya mwaka 1938, The Adventures of Robin Hood, pale Errol Flynn na Basil Rathbone wanapigana. Na muziki ulitungwa na baba yake. Kwa hiyo tunaweza kusema ni muchezo uliotoka mu familia: ndugu alitoa mwili, baba akatoa sauti.

Hadisi yake ni fupi. Sultani amekwenda vitani ku inchi ya mbali. Waziri wake, Jaffar, anataka kuoa binti wa Sultani kwa nguvu. Anamupa saa moja tu: kukubali ao kufa. Kijana ambaye binti anamupenda ametupwa mu gereza chini kabisa, bila silaha. Ana dakika 60, dakika za kweli za saa ya mukono, za kupita madaraja 12 yenye miiba ya chuma, mashimo, milango yenye meno, na walinzi wenye upanga.

Mi ninamupenda sababu haiko mutu wa nguvu. Pa mwanzo ana pembetatu nyekundu tatu tu za uzima. Kama mulinzi anamukuta hana upanga mu mukono, pigo moja na amekufa. Akianguka kutoka juu sana, amekufa. Ni mwili sawa wetu. Mi mwenyewe ni mufupi. Ku masomo ya musingi nilikuwa wa mbele kabisa mu mustari. Ninajua ni nini kuingia fasi ambako kila mutu anakupita kwa urefu. Ku ekra, wakubwa wote wa Street Fighter wana mabega sawa milango. Huyu wangu ana suruali nyeupe na miguu ya kukimbilia.

SHERIA ZA UWANJA

Kwa wale hawajui: mu muchezo wa mapigano, watu wawili wanasimama uso kwa uso. Kila mumoja ana mustari wa uzima juu ya ekra. Ukipigwa, mustari unapunguka. Mwenye kushinda mara mbili juu ya tatu amepata. Mu Street Fighter II, ambayo Capcom ya Japani ilitoa mwaka 1991, saa inaanza pa 99 na kurudi nyuma. Ikifika pa zero, mwenye uzima mwingi njo mushindi.

Chini ya makelele yote kuna hesabu moja, sawa ile ya watoto ya jiwe, karatasi na makasi. Pigo linamushinda mwenye kutaka kukamata. Kukamata kunamushinda mwenye kukinga. Kukinga kunashinda pigo. Yote inabaki ni kujua mwenzako anawaza nini. Na ile hesabu inakwenda mbio kweli: mu sekunde moja ekra inaonyesha picha 60, na ngumi nyepesi inafika mu picha 3, 4 ao 5. Kupepesa jicho kunachukua wakati mwingi kuliko ile.

Sasa muone mateso ya Mwana wa Mufalme. Sababu alitoka mu video ya mutu wa kweli, kila kitendo chake kina mwanzo, katikati na mwisho. Ukimuambia kuruka, anakunja magoti kwanza. Ukimuambia kukimbia, anachukua hatua ya kuanza, na kusimama pia anateleza kidogo. Hauwezi kumukatiza. Yaya alicheka: "Wakati yeye anakunja magoti, Ryu amekwisha kumupiga mara tatu na kunywa chai."

Mi nilimujibu kwamba ule uzito njo yeye. Ukiuondoa, umetengeneza mutu mwingine na kumuvalisha nguo zake. Basi nilikubali aingie na uzito wake wote. Pigo lake la mbio kuliko yote lifike mu picha 8, si mu 3. Lakini akiruka, aruke mbali kuliko kila mutu, na akamate ukingo wa uwanja kwa vidole, sababu njo kitu anajua kufanya.

UPANGA

Mu muchezo wake ana vitendo vichache tu vya upanga: kusogea, kurudi nyuma, kupiga, kukinga, na kurudisha upanga mu ala. Hatupi moto mu mikono. Haruki hewani na kuzunguka sawa kipepeo. Yaya alisema, mutu wa vitendo vitano atawapigana namna gani wale wenye vitendo arobaini?

Hapa nilikuwa na jibu. Mu Prince of Persia, ukikinga pa wakati mzuri, upanga wa adui unakwenda pembeni na mulango unafunguka kwa pigo lako. Kitu sawa hiki kimo mu Street Fighter III, ya mwaka 1997: badala ya kurudi nyuma ili kukinga, unasukuma mbele pa wakati kamili pigo linafika, na pigo linakuwa bure. Ni hatari, sababu ukikosa kwa picha chache umepigwa. Mwaka 2004, ku mashindano ya Evo kule California, Mujapani Daigo Umehara alikuwa amebakia na chembe ya uzima. Hata kukinga tu kwa kawaida kungemumaliza. Justin Wong alimutupia mateke 15 ya Chun-Li, moja nyuma ya lingine. Umehara aliyapangusa yote 15, kisha akarudisha pigo na kushinda. Watu walipiga kelele, na mpaka leo wanaangalia ile video.

Basi nilimuambia yaya: yule mwenye vitendo arobaini alishindwa na kitendo kimoja, kilichofanywa mara 15 bila kukosa. Mwana wa Mufalme njo vile. Asipewe vingi. Apewe kukinga kwa upanga kuzuri kuliko kwa wote, na adui wake ajue kwamba kila pigo la ovyo litalipwa.

Kuna tena jambo la mufupa. Mu daraja la tatu anapambana na mifupa ya mutu iliyosimama na kushika upanga. Hauwezi kuiua, sababu imekwisha kufa. Inafaa kuisukuma nyuma kidogo kidogo mpaka ianguke mu shimo. Njo maana nilisema, kama ni kumuingiza fasi fulani, wamuingize mu Soulcalibur. Kule watu wanapigana kwa silaha, na uwanja una ukingo: ukimusukuma adui inje, umeshinda hata kama uzima wake ulikuwa umejaa. Mutu mudogo anaweza kushinda mutu mukubwa kwa kujua amesimama wapi.

Na Soulcalibur imezoea wageni. Mu Soulcalibur II, ya mwaka 2003 ku mashini za nyumbani, kila mashini ilipata mugeni wake: Link kwa GameCube, Heihachi kwa PlayStation 2, Spawn kwa Xbox. Mwaka 2012, mu Soulcalibur V, aliingia Ezio wa Assassin's Creed. Mi hii ilinichekesha na kunikasirisha pamoja, sababu Assassin's Creed yenyewe ilianza kule Ubisoft Montréal sawa muchezo mupya wa Prince of Persia, kisha ikageuka na kuwa kitu chake. Mutoto alialikwa ku karamu, muzee akabakia ku mulango.

KIVULI

Sasa tunafika pa kitu ambacho bila hicho nisingeandika.

Mu daraja la nne, kioo kikubwa kinasimama na kufunga njia. Mwana wa Mufalme hawezi kupita pembeni. Inafaa akimbie na kuruka ndani ya kioo. Anapita, lakini upande mwingine wa kioo anatoka mutu mwingine, sura yake kabisa, mweusi sawa kivuli, na kukimbia zake. Na uzima wa Mwana wa Mufalme unashuka mpaka pembetatu moja. Kisha kile kivuli kinamusumbua. Mu daraja la tano kinamukunywia dawa mbele ya macho. Mu daraja la sita kinamufungia mulango, naye anaanguka.

Mechner hakuwaza kivuli toka mwanzo. Mwenzake mumoja wa kazi alimusukuma kwamba muchezo unakosa adui wa kupigana naye. Lakini nafasi ya kuwekea picha mu ordinatere ilikuwa imekwisha. Hakukuwa fasi ya kuchora mutu mupya. Basi alichukua picha za Mwana wa Mufalme mwenyewe, akazigeuza kidogo kwa hesabu ya mashini, na adui akapatikana. Umasikini wa mashini njo ulizaa kitu kizuri kuliko vyote mu muchezo.

Pa mwisho, mu daraja la 12, wanakutana. Kivuli kinatoa upanga. Mutu wa kwanza kucheza anapigana, na anaona ajabu: kila mara anapiga kivuli, uzima wake mwenyewe unapunguka. Akikiua, amejiua. Dawa yake ni moja tu: kurudisha upanga mu ala. Ukiurudisha, na kivuli kinarudisha wake. Munakimbiliana, munaingiana, munakuwa mutu mumoja tena. Mbele yenu kuna shimo kubwa, na ukikimbia juu yake, sakafu inatokea chini ya miguu.

Sasa kitu hiki kitaingia mu muchezo wa mapigano namna gani? Mi na yaya tulifanya hivi. Tulikata makaratasi, tukaandika juu yake PIGA, KINGA, KAMATA, RUKA, ALA. Uzima ulikuwa mbegu za muhindi. Uwanja ulikuwa mustari wa chaki pa saruji. Kila mutu aliweka karatasi yake amefunika, kisha tulifunua pamoja. Haikuwa na mbio ya picha 60, lakini ya kuwaza ilikuwa nayo yote.

Tuliweka sheria hizi. Mara moja mu kila pigano, Mwana wa Mufalme anaweza kuita kioo na kuruka ndani. Uzima wake unashuka mpaka mbegu moja, na zile zingine zinawekwa pembeni. Kivuli kinatokea nyuma ya adui na kumukatia njia ya kurudi. Lakini kivuli hakiko mutumishi. Adui akikipiga, ni Mwana wa Mufalme anaumia. Mwana wa Mufalme akikipiga kwa bahati mbaya, ni yeye anaumia. Ili kukipata tena, inafaa arudishe upanga mu ala, na wakati hauna upanga kila pigo linauma mara mbili, kisha apite pembeni ao juu ya adui na kuingia ndani ya kivuli. Akifaulu, anapata tena uzima wote aliouacha ku kioo, na mbegu moja juu yake. Na kwa sekunde kumi hakuna mutu anaweza kumusukuma inje ya uwanja: akikanyaga pasipo kitu, sakafu inatokea.

Musiwaze ilikuwa rahisi. Mara nyingi nilikufa na mbegu yangu moja, hatua mbili mbele ya kivuli.

MASHAKA YA YAYA

Yaya yangu ni mutu wa kufikiri, na alipata kosa kubwa mu sheria zangu. Alisema: "Unamupa mutu faida kwa kuweka silaha. Basi atakwepa tu. Atakimbia huku na huku akingojea kivuli, na saa itaisha. Nani atalipa furanga kuangalia watu wasiopigana?"

Ni kosa la kweli. Wachezaji wote wa mapigano wanalijua: ukimupa mutu faida kubwa ya kujificha, kila mutu atajificha, na muchezo umekufa. Nilikaa siku mbili bila jibu.

Jibu nililipata mu muchezo wenyewe. Adui mukubwa wa Mwana wa Mufalme si Jaffar, ni saa ya muchanga. Dakika 60 zikiisha, amepoteza, hata kama yuko muzima kabisa. Basi nilisema: mu uwanja pia, saa iwe yake peke yake. Kwa wengine wote saa ikiisha wanahesabu uzima. Kwake yeye, saa ikiisha ameshindwa, hata kama adui amebakia na chembe. Hivi hawezi kujificha kabisa. Kuweka upanga hakutakuwa tena fasi ya kupumuzika. Itakuwa kitu anafanya mbio, na woga, sababu hana wakati.

Tulijaribu. Mapigano yaligeuka mara moja. Mi mwenye saa nilikuwa ninamufuata yaya, na yeye mwenye nguvu alikuwa anarudi nyuma ili kunimaliza wakati. Yaya mwenyewe alikubali: sasa huyu mutu ni mupiganaji.

Pale nilijifunza jambo moja. Tulipoanza, kila mara tulikuwa tunauliza: tumupe nini? Tumupe moto, tumupe kuruka mara mbili, tumupe upanga mukubwa. Na kila mara alikuwa anapotea, anakuwa sawa wengine. Alianza kuwa yeye siku ile tulianza kuuliza: tumukataze nini? Akatazwe mbio. Akatazwe moto. Akatazwe kungojea. Katika zile katazo, sura yake ilionekana.

Dada yetu mudogo alikuwa anatuangalia kila mara, na aliuliza: "Na panya iko wapi?" Alikuwa na haki. Mu daraja la nane mulango unafungwa, kijana amenaswa, na panya mweupe aliyetumwa na binti Sultani anakuja na kukanyaga kibao cha mulango kwa miguu yake midogo. Basi tuliandika sheria ya panya: mara moja tu, pale Mwana wa Mufalme amebanwa ku ukingo na hana njia, panya anapita kati ya miguu ya adui, na adui anapoteza zamu moja. Yaya alisema ni upuuzi. Dada alisema bila panya hachezi. Sheria ilipita.

JAMBO LENYEWE

Sasa ninasema kwa nini mabishano haya yalikuwa na uzito kwetu.

Mwaka ule, yaya alikuwa na shida na mutu mumoja wa kwetu mu kartiye. Walikuwa wamefanya biashara pamoja, mapato hayakugawanywa vizuri, na walifika kupigana mbele ya watu. Yaya alipata kovu juu ya jicho. Rafiki zake walikuwa wanakuja kila magaribi kumuambia kwamba akinyamaza, watu watamuzoea. Kwamba inafaa kurudisha. Yaya alikuwa hasemi kitu, lakini alikuwa halali vizuri. Wakati mi nilikuwa ninasema "aweke upanga mu ala", yeye hakuwa anasikia habari ya makaratasi.

Usiku mumoja aliniuliza: "Haya, ameweka upanga. Na nani amemuambia kwamba mwingine ataweka wake?"

Ningeweza kumujibu mbio mbio, sawa mu masomo ya maadili, kwamba ukiweka silaha na mwenzako ataweka. Lakini muchezo hausemi vile, na mi sikutaka kumudanganya yaya. Nilimujibu: kivuli kinaweka upanga sababu kivuli ni yeye. Walinzi wa Jaffar hawaweki. Ukiweka upanga mbele ya mulinzi, anakukata. Mechner hakusema kwamba watu wote ni vivuli vyetu. Alisema kuna adui mumoja tu ambaye kila pigo unalomupa linakurudilia, na yule adui ametoka ndani yako siku uliruka ndani ya kioo. Yule mutu wa biashara si kivuli chako, yaya. Kivuli ni ile hasira inakukunywia dawa yako na kukuzuia usingizi. Kwa yule mutu, fanya vile unaona ni haki; kuna wazee, kuna watu wa kusikiliza mambo. Lakini ile nyingine, ukiipiga sana, ni uzima wako unapunguka.

Yaya hakusema neno. Kisha aliuliza kama zamu ilikuwa yake ao yangu.

Mpaka leo hajakwenda kule kwa kurudisha. Sisemi ni juu ya muchezo. Yaya ni mutu muzima, ana bibi na mutoto, ana sababu zake. Neno la furanga walilipeleka kwa wazee, na nusu ilirudi. Nusu haikurudi. Ile nusu bado inamuuma, na mi siwezi kuandika hapa kwamba haimuumi.

Lakini ninaona hivi, wandugu. Mu michezo yote ya mapigano ninayoijua, kushinda ni kumumaliza mwingine. Ni vizuri, ni muchezo, na mi ninaupenda. Mwenye kunishinda Street Fighter anilipie soda. Ila ninataka mu kile kikosi cha watu wenye mabega makubwa, asimame mumoja mufupi, mwenye suruali nyeupe, mwenye saa inayokimbia, na pigo lake kubwa kuliko yote liwe lile la kurudisha upanga mu ala kwa wakati wake. Si kwa sababu ni mwoga. Mwoga hawezi kuweka upanga kati ya adui na kivuli, na mbegu moja tu ya uzima. Jaribuni muone.

Makaratasi yetu yangaliko, yamechakaa kidogo, na mbegu tatu zililiwa na kuku. Mwenye kutaka kucheza aje na mutu wake: Mario, Lara Croft, yeyote anayemupenda. Aje na majibu ya maswali mawili. La kwanza, utamupa nini? La pili, ambalo ni ngumu zaidi: utamukataza nini, ili abakie yeye?

Ndimi ndugu yenu,
mwanafunzi wa mwaka wa tano.